Sivuti Sigara, Lakini Moshi Nauvuta



Safari hii sitaandika juu ya mshahara. Najua wako watakaonung'unika, na wana haki, maana kima cha chini kilichowekwa nchini mwaka 1984, yaani shilingi 6,000 kwa mwezi, ndicho kilichomo katika vitabu vya serikali mpaka leo, na pesa hiyo haikununulii hata nusu kilo ya nyama katika soko la Arua. Jambo hilo tutalirudia. Leo nataka tuzungumze juu ya hewa. Hewa tajiri hailipii, mfanyakazi hainunui, na kwa sababu hiyo kila mtu anadhani haina bei.

Liko swali moja ambalo kwetu limekuwa kama komeo la mlango. Mfanyakazi akienda kumwona mganga wa kiwanda na kikohozi cha miezi mitatu, swali la kwanza ni hili: "Unavuta sigara?" Akijibu ndiyo, kesi imekwisha, sigara ndiyo iliyomla. Akijibu hapana, kesi imekwisha vilevile: wewe huvuti, basi mapafu yako hayana neno, chukua dawa ya kikohozi rudi kazini. Nimelisikia kwa masikio yangu mwenyewe, katika kiwanda kimoja ambacho sitakitaja, nilipomsindikiza mama mmoja mfagiaji. Mama huyu maisha yake yote hakugusa sigara. Kwa miaka kumi na zaidi alikuwa akifagia vumbi na masizi karibu na boila, akitumia ufagio mkavu. Juu ya boila hakuulizwa hata neno moja. Aliulizwa juu ya sigara, akajibu, akapewa chupa ya dawa.

Sitaki mtu anielewe vibaya. Sigara ni adui, na kati ya vitu vyote vinavyoleta saratani ya mapafu, sigara bado ndiyo ya kwanza duniani. Anayevuta aache. Sisi wa West Nile tumelima tumbaku kwa miaka mingi na tunajua harufu yake na mikopo yake kuliko waliotunga Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015 kule Kampala. Lakini si haki kosa la sigara litumike kufunika makosa ya wengine.

Historia ya jambo hili ina mzaha ndani yake. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza waliona saratani ya mapafu inaongezeka sana, wakawapa kazi ya uchunguzi Richard Doll na Austin Bradford Hill. Doll mwenyewe, alipoanza, alidhani atakuta kosa liko katika lami ya barabara, pamoja na moshi wa magari uliokuwa ukishukiwa wakati ule. Matokeo yalipotoka mwaka 1950, ikawa ni sigara. Na ilikuwa kweli. Lakini tangu siku hiyo hewa ikasahauliwa kwa miaka mingi, kama mshitakiwa aliyeachiwa kwa sababu mwenzake amekiri.

Hata hivyo hewa haikukubali kusahauliwa. Desemba 1952 moshi wa makaa ya mawe ulishuka juu ya mji wa London kwa siku tano, watu hawakuona hata miguu yao, na maelfu wakafa. Mwaka 1956 Bunge lao likapitisha sheria ya hewa safi. Waliosema kwamba sheria hiyo itaua viwanda walikuwako pia, kama walivyo hapa kwetu.

Sasa nataka mnisikilize kwa makini, kwa sababu jambo hili linahusu nyumbani kwetu. Wako wenzetu wanaosema habari za saratani ni habari za Wazungu. Ndugu, West Nile ni moja ya mahali duniani ambapo elimu ya saratani ilianzia. Karibu na Arua ipo hospitali ya Kuluva. Daktari Ted Williams wa hospitali ile aliandika kumbukumbu za kila mgonjwa wa uvimbe wa taya kwa watoto, ugonjwa ambao leo unaitwa kwa jina la Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa Mulago. Mwaka 1961 Burkitt na Williams, pamoja na mwenzao wa tatu, walipanda gari wakazunguka kama maili 10,000 katika Afrika kutazama ugonjwa huo uko wapi na wapi haupo. Baadaye likaja Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililoundwa mwaka 1965 na lenye makao yake Lyon, Ufaransa. Kati ya mwaka 1972 na 1974 watu wa shirika hilo walichukua damu ya watoto wapatao 42,000 hapa West Nile, wakaihifadhi, wakangoja kuona nani ataugua. Mwaka 1978 walitangaza kwamba kirusi fulani kina mkono katika ugonjwa ule. Watoto wale, walio hai, leo wana zaidi ya miaka hamsini. Wengine ndio kaka zetu na dada zetu wakubwa. Wengine ndio vibarua wazee mnaowaona wakisukuma kuni tanuruni.

Shirika hilo hilo lililochukua damu ya West Nile ndilo lililotangaza, mwezi wa Oktoba 2013, kwamba hewa chafu ya nje inasababisha saratani kwa binadamu. Hawakusema huenda, wala yaelekea. Waliiweka katika daraja la kwanza, pamoja na sigara na asbesto. Mwaka mmoja kabla yake, Juni 2012, waliweka moshi wa dizeli katika daraja hilo hilo. Moshi wa kuni ndani ya nyumba wameuweka daraja linalofuata, la vitu ambavyo yaelekea vinaleta saratani. Kwa hiyo akina mama wapishi wa mashuleni na wa kambi za vibarua wasidhani wao wamesahauliwa.

Juu ya dizeli, waliopata ushahidi mkubwa ni wachimba migodi, wafanyakazi kama sisi. Huko Marekani zilichunguzwa kumbukumbu za wachimba migodi zaidi ya 12,000 waliofanya kazi chini ya ardhi na juu yake, mahali penye mashine za dizeli, na matokeo yakatolewa mwaka 2012. Ilionekana kwamba kati ya wale wasiovuta sigara, waliovuta moshi wa dizeli kwa wingi kabisa walikuwa katika hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu mara 7 kuliko wasiovuta sigara wenzao waliopata moshi mdogo. Hapo ule mchezo wa "unavuta sigara?" unakwisha. Hawakuvuta, na walikufa.

Lakini mtu atasema: huo ni mgodi, na mgodi umefungwa kama chungu; sisi tuko nje chini ya mbingu. Basi sikilizeni habari ya pili. Chama cha Saratani cha Marekani kilifuatilia watu 188,699 ambao hawakuwahi kuvuta sigara maishani. Kiliwafuatilia kwa miaka 26, tangu 1982 hadi 2008. Kila mahali ambapo chembe ndogo za moshi hewani ziliongezeka kwa mikrogramu 10 katika mita moja ya ujazo, vifo vya saratani ya mapafu viliongezeka kwa asilimia 15 hadi 27. Watu hao walikuwa raia wa kawaida mijini, wanaokaa nyumbani na kwenda kazini, katika hewa iliyo safi kuliko ya Kampala ya leo.

Hapa yafaa niseme ukweli wote, maana chama kinachotia chumvi hakiaminiwi siku ya mazungumzo. Katika watu hao karibu 189,000, waliokufa kwa saratani ya mapafu kwa miaka yote 26 walikuwa 1,100. Kwa hiyo si kweli kwamba kila mwenye kupiga chafya barabarani atapata saratani. Hatari ya mtu mmoja ni ndogo. Lakini sigara mtu anavuta au haivuti, na hewa wote tunaivuta, mchana na usiku, tangu kuzaliwa. Hatari ndogo ikigawiwa kwa watu wote inakuwa makaburi mengi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya nje iliua watu milioni 4.2 kabla ya wakati wao mwaka 2019. Wengi wao walikufa kwa moyo na kiharusi, na saratani ya mapafu ilikuwa sehemu ndogo. Mwenye kusafisha hewa kwa ajili ya saratani anapata na moyo bure.

Tena Februari 2025 wataalamu wa lile shirika la Lyon walitoa hesabu ya aina ya saratani ya mapafu inayowapata zaidi wasiovuta sigara. Kwa mwaka 2022 walikadiria wagonjwa kama 114,000 wanaume na 80,000 wanawake duniani ambao ugonjwa wao wa aina hiyo ulitokana na chembe za hewa chafu. Tazameni hapo: wanaume ni wengi kuliko wanawake, lakini wanawake nao hawakuachwa. Nilipowasomea hesabu hii akina mama wanaopanga majani ya tumbaku, mmoja aliniuliza kama waliofanya hesabu walifika kwake jikoni.

Je, moshi unafanyaje mtu apate saratani? Hili niliulizwa Koboko na kijana mmoja fundi wa pikipiki, na sikutaka kumjibu kwa maneno ya hospitali. Mwaka 2023 wanasayansi walioongozwa na Charles Swanton wa London walitoa maelezo ambayo mkulima ataelewa upesi kuliko profesa. Kila mtu anapokua, baadhi ya chembe hai za mapafu yake zinakuwa na kasoro ndogo. Kasoro hiyo imelala, kama mbegu ya gugu iliyo ardhini wakati wa kiangazi. Unaweza kuishi nayo mpaka uzee isikudhuru. Moshi ukiingia, mapafu yanawaka ndani kwa ndani, yanavimba yakijaribu kujitetea, na ule uvimbe ndio mvua inayoiotesha mbegu. Walitazama kumbukumbu za wagonjwa wa Uingereza, Korea Kusini, Taiwan na Kanada, wakajaribu na kwa panya. Katika kumbukumbu za Kanada hata miaka mitatu ya hewa chafu ilionyesha tofauti. Chembe zenyewe ni ndogo mno, nyembamba kuliko unywele kama mara 30, ndiyo maana pua haizizuii na kitambaa cha leso hakizizuii.

Basi tutazame hewa yetu wenyewe.

Nianze na mabanda ya kukaushia tumbaku, kwa kuwa hapo ndipo ulipo mzaha mkubwa kabisa. Anayekausha tumbaku kwa moto wa kuni hulala hapo siku kadhaa mfululizo, maana moto ukizimika majani yanaharibika na hasara ni yake. Usiku anaamka kusukuma magogo. Tanuru zilizopasuka zinatoa moshi mlangoni badala ya bomba, naye yuko hapo mlangoni na mkewe, na mara nyingi na watoto. Msimu ukiisha, majani yanasafiri yakawe sigara ya mtu wa mbali, na mtu yule ataonywa kwa maandishi juu ya pakiti kwamba moshi unaua. Aliyeyakausha hakuonywa na mtu. Tumeondoa miti vilima vizima Maracha na Koboko kwa kazi hiyo, na siku hizi kuni zenyewe ni mbichi au ni takataka, na kuni mbichi zina moshi kuliko kavu.

Halafu barabara. Barabara ya lami ya kutoka Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, kilomita 92, ni jambo la heri, wala sitaki kusikia mtu akiipinga. Wazee wanakumbuka muramu wake, na vumbi jekundu lililokuwa likikaa juu ya ugali. Vumbi limepungua na malori yameongezeka. Mizigo ya Sudan Kusini inapita Oraba, ya Kongo inapita Vurra kwenda Aru na Ariwara. Lori likifika mpakani linangoja, na dereva haziwi injini kwa saa nyingi, wengine kwa sababu betri ni mbovu. Wapakuzi, wabadili fedha, akina mama wauza chai na vijana wa boda-boda wako hapo tangu alfajiri. Huo ni moshi wa dizeli, ule wa daraja la kwanza, na si wa mgodini.

Umeme nao una habari yake. Kabla ya bwawa la Nyagak kuanza kutoa umeme mwaka 2012, megawati 3.5 tu, mji wa Arua uliishi kwa jenereta, na tangu hapo kila umeme ulipokatika tulisikia mlio ule ule nyuma ya kila duka na kila kinu cha kusaga. Jenereta huwekwa wapi? Huwekwa uani, mahali vibarua wanapokula chakula cha mchana. Bosi hawezi kuiweka chini ya dirisha lake.

Nisizidishe maneno juu ya matanuru ya matofali, majani yanayochomwa tangu Desemba mpaka Februari, takataka za plastiki zinazoteketezwa nyuma ya masoko. Hayo kila mtu anayaona. Na wale ndugu zetu waliotoka West Nile kwenda kukata miwa Kakira, Lugazi na Kinyara, kama baba zao na babu zao, wanajua jinsi masizi yanavyokaa kifuani siku ya kukata miwa iliyoungua.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilisema hewa isizidi mikrogramu 5 za chembe hizo kwa wastani wa mwaka. Kampala imepimwa na kuonekana imezidi zaidi ya mara tano. Waliopima ni Waganda, watu wa mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere ulioanza mwaka 2015. Wametengeneza vifaa vidogo vya bei nafuu, vingine wakavifunga juu ya boda-boda vikazunguka mjini. Kwa hiyo tajiri asituambie kupima hewa ni kazi ya mashine ya Ulaya. Kifaa kimoja langoni mwa kiwanda na kimoja katika uwanja wa malori kitamaliza ubishi mwingi.

Sasa nije kwa mabishano yetu wenyewe, maana hili si jambo ambalo wanachama wote wanakubaliana. Katika mkutano mmoja wa tawi, ndugu mmoja aliye hodari kuliko mimi kwa maneno alisimama akasema: "Moshi unaua baada ya miaka ishirini, njaa inaua mwezi huu. Mkianza habari za moshi, tajiri atafunga." Alipigiwa makofi. Nami sikumwona mjinga. Mtu mwenye watoto watano na kazi ya kibarua anafanya hesabu yake vizuri sana.

Lakini tuitazame hesabu yenyewe. Tunayoyadai si kufunga kiwanda. Ni bomba la boila liinuliwe na lizibwe mahali palipotoboka. Ni maji yamwagwe kabla ya kufagia. Ni jenereta ihamishwe kutoka mahali pa kulia chakula, kazi ya watu wanne kwa asubuhi moja. Ni injini zizimwe wakati wa kungoja. Ni tanuru la tumbaku lijengwe vizuri, ambalo tena hula kuni chache, na kuni ni pesa. Ni wasukuma moto wabadilishane zamu. Sijapata kusikia kiwanda kilichofungwa kwa sababu ya ndoo ya maji. Mengi katika hayo ni nafuu kuliko gari moja la meneja, na kama meneja anasema hapana fedha, na atuonyeshe vitabu.

Wengine wanasema, tupeni maski yatosha. Maski tunazitaka, na sheria ya mwaka 2006 ya Usalama na Afya Kazini inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumkata mfanyakazi. Anayekatwa mshahara kwa ajili ya maski aje kwetu na karatasi ya malipo. Lakini maski ya kitambaa haizuii chembe hizi, na maski nzuri ikivaliwa saa nane katika joto la Koboko, mtu ataivua. Kumpa mtu maski na kuuacha moshi pale pale ni kama kumpa mwavuli anayelala chini ya paa lililotoboka. Fundi apande juu kwanza.

Sheria tunazo, wala si haba. Katiba ya mwaka 1995, kifungu cha 39, inampa kila Mganda haki ya mazingira safi yenye afya, na kifungu cha 40 kinasema juu ya kazi katika hali ya usalama na afya. Sheria ile ya mwaka 2006 inatambua wawakilishi wa usalama na kamati za usalama kazini. Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani liliingiza usalama na afya kazini katika haki za msingi za mfanyakazi, sawa na haki ya kuunda chama. Mwaka 2024 Uganda ikapata kanuni za viwango vya ubora wa hewa. Lakini karatasi haikohoi. Mkaguzi mmoja mwenye wilaya nyingi hawezi kuwa katika kila ua. Mjumbe wa tawi yuko uani kila siku.

Jambo linaloniumiza kuliko yote ni fidia. Aliyekatwa kidole na mashine ana kidole chake kama shahidi. Mwenye saratani ya mapafu baada ya miaka ishirini hana shahidi. Anapaswa kuonyesha kwamba ugonjwa umetokana na kazi. Kazi gani? Msimu mmoja alikuwa bandani, mwaka mwingine kinuni, miaka mitatu akipakua malori mpakani, akilipwa mkononi jioni bila hata saini. Kampuni nyingine imekwisha badilisha jina, nyingine imekwisha ondoka. Na hapo atakapofika ofisini na mfuko wake wa picha za kifua, ataulizwa lile swali letu la mwanzo.

Ndiyo maana naona dai la kwanza kabisa katika mkataba wa pamoja liwe ni kuandikwa. Kabla ya maski na kabla ya bomba. Kila mfanyakazi, na kibarua pia, awe na daftari linaloonyesha alifanya kazi gani, mahali gani, tangu lini hadi lini, na karibu na moshi au vumbi la aina gani. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa anayeacha kazi haki ya kupewa cheti cha kazi aliyoifanya. Wangapi kati yetu tumekidai? Uchunguzi wa kifua ufanywe kila mwaka kwa gharama ya mwajiri, na nakala ya majibu apewe mfanyakazi mkononi, isifungiwe kabatini mwa ofisi. Na katika fomu ya daktari, chini ya swali la sigara, ziongezwe mistari miwili: unafanya kazi gani, na hapo penu kuna moshi gani.

Neno juu ya kikohozi chenyewe. Kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, nenda ukapimwe kifua kikuu, usione haya. Tibii hapa ni nyingi na inapona. Lakini kama makohozi yamepimwa na tibii haikuonekana, au umemaliza dawa na kikohozi kipo, unakonda, unatema damu, sauti imekauka, usikubali kupewa dawa zile zile mara ya pili bila picha ya kifua. Saratani ya mapafu imefichwa mara nyingi nyuma ya jina la tibii, na wagonjwa wengi wanagunduliwa wakati wa kugundua umekwisha pita. Kutoka Arua hadi Taasisi ya Saratani pale Mulago ni karibu kilomita 500. Tena wengi mnakumbuka mwaka 2016, mashine pekee ya mionzi ya nchi nzima ilipoharibika, na mpya haikufungwa mpaka mwishoni mwa 2017. Ndugu zetu walisafiri usiku kucha kwenda kuambiwa mashine imekufa.

Kabla ya kukaa na waajiri kwa mkataba mpya, kila mjumbe wa tawi alete ofisini karatasi moja. Aandike moshi na vumbi vya mahali pake vinatoka wapi, saa ngapi, na watu wangapi wako karibu. Wasioandika wamwambie anayeandika. Waliokwisha acha kazi waandikwe pia, pamoja na kijiji walichorudi na miaka waliyofanya kazi, wavutao sigara na wasiovuta, kila mtu katika mstari wake. Karatasi za Koboko zipokelewe na mjumbe wa huko, asingoje gari la chama, ampe dereva yeyote wa basi la asubuhi.